Ukuta Ulioshiba Ufuta

Ukuta unakunywa, wajukuu zangu. Msinicheke. Nyinyi mnaoishika kazi hii sasa, na miko yenu yenye meno na mashine zenu za kukatia, mkiitwa mahali mbandike marumaru msikimbilie kufungua katoni. Chukueni maji kwenye kiganja, yarusheni ukutani, halafu mnyamaze. Kuna ukuta unaokunywa upesi kama mtu aliyetoka shamba mchana wa jua. Kuna unaokunywa polepole, kwa adabu. Na kuna ukuta unaoyaacha maji yateremke mpaka chini, wenyewe umefumba mdomo. Huo wa tatu ndio ninaotaka kuwahadithia, ila nitafika kwa kuzunguka, maana kichwa changu siku hizi kinatembea kama mbuzi aliyekata kamba.

Jina langu Mwanahawa. Nachingwea waliniita Mama Rehema, na mafundi wakaniita Mama Praima. Shule yangu ilikuwa fupi, ya kujua kuandika jina na kusoma maandishi ya kwenye mfuko wa simenti. Lakini watu sisahau. Nikifumba macho mchana, hapa barazani, nyumba zote nilizozifanyia kazi zinakuja moja moja, na wenyewe wamesimama mlangoni, na kila mmoja namwita kwa jina lake.

Kazi ya ukuta sikuianzia kwa mafundi. Niliianzia Ruponda, kwa mama yangu, Somoe binti Nambunga. Mvua zikiisha, wanawake wa kwetu walikandika nyumba upya. Mvua inakula udongo, mwanamke anaurudisha, ndiyo ilikuwa desturi. Sasa mama alikuwa hapaki udongo mbichi juu ya ukuta mkavu. Anachovya majani kwenye ndoo, anaurashia ukuta, anakaa chini. Sisi wasichana udongo umeshatukauka mikononi, tunataka kumaliza twende kisimani.

"Mama, tunangoja nini?"

"Sikilizeni."

"Tusikilize nini?"

"Ukuta ukinywa una sauti. Ukinyamaza, ndipo mpake."

Basi tunatega sikio. Na kweli, kulikuwa na kisauti, kidogo, kama mtu anayenong'ona chumba cha pili. Mpaka leo sijui kama nilikisikia au nilikiota. Ila ukuta wa mama ulikuwa haubanduki, na wa jirani yetu, aliyekuwa na haraka zake, ulikuwa unajivua ngozi kama nyoka.

Nilipofiwa na mume wangu, miaka ya tisini imeanza, nilikwenda Nachingwea mjini kutafuta kazi ya kuchota maji kwenye ujenzi. Ndipo nilipomkuta Fundi Chande Mkwanda, Myao, mrefu, mpole, aliyejifunzia marumaru Dar es Salaam akarudi nyumbani na pimamaji moja na kikohozi. Sisi Wamwera na Wayao ni watani, kwa hiyo siku ya kwanza tu alinipokea vizuri.

"Kwani Wamwera mnajua kubeba ndoo? Mimi nilidhani mnajua kula tu."

"Tunajua kubeba. Tumewabeba Wayao miaka yote hii."

Alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Nikabeba ndoo. Siku moja akanikuta nimerusha maji ukutani, nimeinamisha sikio.

"Unasikiliza nini, mama?"

"Kama una kiu."

"Unayo?"

"Unayo sana."

Hakunicheka. Alikuja akasimama karibu yangu, naye akatega sikio, tukawa kama watu wawili wanaosubiri mwenye nyumba aitikie hodi. Kisha akasema, "Basi kuanzia leo kuunywesha ni kazi yako. Mimi nitabandika." Tukaenda hivyo miaka mingi. Yeye akifika na mwiko, mimi nimeshamtengenezea ukuta.

Nyinyi mmezikuta praima, ile dawa ya kuupaka ukuta kwanza ili gundi ishike, kwenye ndoo, zina mfuniko na picha. Sisi tulikuwa na uji wa simenti. Unakoroga simenti na maji mpaka inakuwa kama uji wa mgonjwa, unaupaka ukutani kwa brashi, na fundi anabandika uji ukiwa bado mbichi. Ukikauka kabla hajabandika, umeharibu, maana umegeuka vumbi, na vumbi halishiki kitu. Kwenye ukuta wa lipu ya kawaida, usio na rangi, uji ule ulitosha. Ukutani palipopigwa niru, ile simenti ya kulainishwa ikang'aa, uji peke yake hautoshi. Hapo nilikuwa napadonoa kwa tindo kwanza, vishimo vishimo, kama kuku amepita ukutani. Mikono ilikuwa inakufa ganzi. Usiku nikilala nilisikia tindo bado inagonga, mbali, ndani ya mto.

Halafu wakaja wajanja na gundi nyeupe, ya mafundi seremala. Unaichanganya na maji, unapaka, inakauka, inashika vizuri ajabu. Tukadhani tumefika. Mzee Bakari Nangaya alikuwa na nyumba ya wageni karibu na stendi ya Nachingwea, akatuita tumbandikie bafu. Ukuta ulikuwa na rangi ya mafuta, ya kijani, inateleza kama samaki. Tukaikwangua kidogo, tukapaka gundi nyeupe, tukabandika. Lilitoka bafu la kutamanisha. Watu walikuja kulitazama na viatu wamevua.

Baada ya muda akaja kulala pale bwana shamba, mtu wa kaskazini, Bwana Temu. Anapenda maji ya moto. Kila asubuhi ndoo mbili, mvuke unatoka mpaka dirishani. Siku moja tuko nje ya nyumba hiyohiyo tunatengeneza ngazi, tukamwona anatoka na taulo na povu kichwani, anatembea taratibu kabisa.

"Mzee Bakari," akasema, "ukuta wako unanifuata."

"Unakufuataje?"

"Nikisogea unasogea. Njoo uuone."

Tulikwenda wote. Marumaru zilikuwa zimeteremka kwa mstari, hazikuanguka, zimeteleza tu kama watoto waliochoka kusimama. Mzee Bakari akazitazama, akamtazama Bwana Temu.

"Kwani wewe unaoga na maji au na chai?"

Fundi Chande aligusa nyuma ya marumaru moja, akaninyooshea kidole chake. Gundi ilikuwa imerudi kuwa laini, nyeupe. "Unaona, Mama Rehema? Hii ikilowa inakumbuka kuwa ilikuwa maziwa." Tukaubandua ukuta wote, tukaanza upya. Tangu siku hiyo, kabla ya kuuliza ukuta umetengenezwa na nini, nauliza kwanza utaishi na nini. Utaishi na maji? Na moto wa jiko? Na jua? Hilo mliweke kichwani, ni kubwa kuliko jina la ndoo.

Miaka ya elfu mbili praima zenyewe zikaanza kufika Ruangwa, jirani na Nachingwea, kwa basi kutoka Dar, barabara ikiruhusu. Muuza duka alizipanga nyuma ya misumari, na hakujua zinafanya nini zaidi ya sisi. Fundi Chande akanisomea maandishi, na mimi nikazishika kwa macho yangu. Moja nyepesi, kama maziwa yaliyotiwa maji: hiyo ni ya ukuta wenye kiu. Inaingia ndani, inaukata kiu, ili gundi ya marumaru isinyonywe maji yake ikafa kabla ya kushika. Ukuta ukiwa mlafi, mpe mara mbili, ya kwanza iwe nyepesi zaidi. Nyingine nzito, ina mchanga ndani, ukiipapasa ikikauka ni kama ulimi wa paka: hiyo ni ya ukuta usiokunywa, kama marumaru za zamani, niru, au rangi iliyoshika kweli. Yenyewe haiingii, inaupa ukuta kucha. Mkizibadilisha, ya ukuta mlafi mkaipaka kwenye unaoteleza, inakaa juu kama malai, ule utando wa maziwa, na marumaru zitakaa juu ya malai.

Na hakuna praima ya kupaka juu ya chokaa inayobambuka. Mtasikia watu wanasema ipo. Praima itashika chokaa, sawa, lakini chokaa imeshika nini? Kwangua. Fagia. Pangusa kwa kitambaa chenye maji, subiri. Ndipo upake praima, halafu iguse kwa mgongo wa kidole: ikinata kama ulimbo bado, ikikugusa bila kukushika, tayari.

Sasa nimefika Nkowe, kijiji cha huko Ruangwa, kwenye ule ukuta uliofumba mdomo.

Bi Hadija Mtalika alikuwa mjane wa mnunuzi wa ufuta. Nyumba yake ilikuwa ya tofali za kuchoma, nzuri, na mikorosho nyuma mpaka kwenye bonde. Macho yalikuwa yanamwacha. Mganga wa macho alimwambia ni presha ya macho na kilichokwenda hakirudi. Yeye mwenyewe alituelezea siku tuliyofika kuangalia kazi.

"Naona kama mtu anayechungulia kwenye mwanzi. Nikikutazama pua, masikio sina. Na mwanzi wenyewe kila mwezi unazidi kuwa mwembamba."

Bafu lake lilikuwa uani, la mabua, mbali na mlango. Alitaka bafu la ndani, kwenye chumba kilichopakana na chumba chake cha kulala, ili macho yakiisha awe anafika kwa kupapasa ukuta. Marumaru alikuwa nazo. Mwanawe Issa, aliyekuwa akifanya kazi kwenye duka la vifaa Dar es Salaam, alikuwa akizikusanya kidogo kidogo, mabaki ya mwisho ya katoni, anazituma kwa basi hadi Ruangwa, na kutoka Ruangwa zinakuja Nkowe zimefungwa nyuma ya baiskeli. Nyingi nyeupe tupu. Chache zilikuwa na ua la buluu. Mwaka uliotangulia Issa aliumwa, akafa. Dukani kwake zile marumaru hazikuwepo tena, wala kwingine.

"Zinatosha ukuta huu mmoja," Bi Hadija akasema. "Hazizidi. Mkizivunja, mmemvunja Issa. Na mimi nataka nizione ukutani kabla mwanzi haujaziba."

Siku hiyo Fundi Chande aliacha utani, akazihesabu moja moja.

Sasa kwetu, chumba kikingoja mgeni kinapakwa chokaa. Iwe Idi, iwe arusi, unamheshimu mtu kwa ukuta mweupe. Bi Hadija naye, kwa heshima yake, alivyojua mafundi wanakuja, akaita watu wakakipaka chumba chokaa, juu mpaka chini, kikawa cheupe kama yai. Hatukuwa na moyo wa kumwambia kitu. Tukashukuru, akaenda kutupikia, tukaanza kukwangua.

Chini ya ukuta zilikuwa zimepangwa zile katoni, na tuliogopa kuzihamishahamisha. Kwa hiyo nilikwangua juu, nikarusha maji juu, yakaingia vizuri. Lipu ya zamani, nzima, yenye kiu ya wastani. Nikapaka ile praima nyepesi. Zamu ya chini ilipofika, katoni zimetolewa, nikakwangua nikapaka vilevile, maji sikurusha, kwa kuwa ni ukuta uleule, umepigwa na mtu mmoja, siku moja. Fundi Chande akaanzia chini, kama ilivyo desturi, mistari ya kwanza ikasimama imenyooka. Marumaru nyeupe tupu. Tukaenda kulala kwa shemeji yake fundi.

Kesho yake Bi Hadija alikuwa ametutangulia, amekaa kizingitini. Miguuni kwake zilikuwa marumaru nne. Tatu zilianguka kwenye rundo la mchanga zikapona. Moja imepasuka katikati, naye ameishika mikononi, anaunganisha vipande na kuvitenganisha.

"Shikamoo, mama," Fundi Chande akasema.

"Marahaba. Na nyingine zitaanguka?"

Fundi akaingia, akagonga zilizobaki kwa mpini wa mwiko. Zote zilitoa sauti tupu, kama kata isiyo na maji. Akazitoa kwa mkono, bila nguvu, zikaja moja moja. Nyuma zilikuwa na gundi yote na praima yote. Ukutani hakukuwa na kitu.

Tulikaa mle ndani tukizikwangua gundi. Jua likapanda, bati likaanza kulia. Na joto lilipoingia sawasawa, nikasikia harufu. Kwanza nilidhani jikoni wanakaanga. Harufu tamu, ya zamani, imenilegeza kabisa, nikajiona niko Ruponda mavuno yamekwisha, mama anakung'uta ufuta kwenye turubai na jua linapita kwenye vumbi lake. Nikafuata harufu kwa pua, nikapiga magoti, nikaweka shavu ukutani, pale chini. Ilikuwa inatoka humo. Nilipoondoa shavu, lilikuwa na utelezi.

"Bi Hadija," nikamwita, "chumba hiki kilikuwa cha nini?"

"Stoo ya marehemu. Magunia ya ufuta yalikuwa yanaegemea hapo. Na mashine ya mkono ya kukamulia mafuta ilikuwa kona ile, na madebe yake. Kwa nini?"

"Ukuta umeshiba."

Nikarusha maji chini. Yakateremka yote, yakatengeneza ushanga. Nikarusha juu ya pale magunia yalipoishia, kimo cha kifua cha mtu, yakaingia. Miaka yote ile mafuta yalikuwa yanaingia polepole, na kila Idi chokaa inapakwa juu yake, na kila mwaka ukuta unaonekana mpya. Ungeweza kuchora mstari kwa mkaa pale mafuta yalipoishia.

Fundi Chande alitoka nje, akakohoa, akarudi. "Mama," akamwambia Bi Hadija, "njia ziko mbili. Ya upesi, tunausugua kwa magadi na maji ya moto, tunapaka praima ile nzito ya mchanga, tunabandika wiki hii. Utaziona."

"Zitakaa?"

"Zitakaa kidogo."

"Kidogo ndiyo mpaka lini?"

"Siwezi kukuapia. Mafuta yako ndani. Jua likipiga yatatoka, yatasukuma."

"Na njia ya pili?"

"Tunavunja lipu yote ya chini mpaka tofali. Tunapiga lipu mpya, tunaimwagilia, tunaiacha ikauke kabisa. Ni muda, mama. Mikorosho inachanua sasa. Pengine tukimaliza, mabibo ya kwanza yatakuwa yanaanguka."

Bi Hadija aligeuza uso kuelekea ukutani, akawa anausogeza polepole, kulia na kushoto, kama mtu anayetafuta sindano kwa tochi. Wote tulijua anapima nini. Mabibo yalikuwa mbali kuliko mwanzi wake.

Ndipo nikasema, "Ukuta wa juu hauna ugonjwa. Fundi anaweza kupigilia ubao pale mafuta yanapoishia, akaanzia hapo, akapanda. Leo. Ule wa chini ukapona taratibu."

Fundi Chande alinitazama, akatazama ukuta. "Inawezekana," akasema. "Nikipima vizuri mistari itakutana. Na maua tutayaweka yote juu, mama, uyaone."

"Hapana," Bi Hadija akasema.

"Hapana nini?"

"Juu wekeni nyeupe."

"Mama, maua yakienda chini, mpaka tuyabandike, wewe..."

"Nitakuwa sioni. Najua, baba. Kwani ulidhani nimesahau?" Akanyoosha mkono. "Nipe moja."

Nikampa marumaru yenye ua. Akapitisha kidole, taratibu, na ndipo nami nikalitazama vizuri lile ua: lilikuwa limevimba kidogo, kama tarizi kwenye kofia. Kidole kilipanda shina, kikazunguka kila petali, kikarudi.

"Macho yamebaki na siku chache, mkono nitazikwa nao," akasema. "Maua yakae mkono unapofika nikiwa nimekaa kwenye kigoda naoga. Hizo nyeupe za juu nitaziona wiki hii, zinatosha. Nitajua Issa ameingia ndani."

Basi tukafanya hivyo. Ukuta wa juu ulisimama ndani ya siku chache. Bi Hadija alileta kigoda, akakaa mbele yake asubuhi nzima, mwanga unatoka dirishani unaanguka kwenye weupe ule, na yeye anausoma kipande kimoja kimoja kwa kijitundu chake. Alikuwa anachezesha mdomo kama anayehesabu, lakini hakuwa anahesabu. Nilikuwa karibu, nilisikia. Alikuwa anasema, hii ilikuja na barua, hii ilikuja na khanga, hii ilikuja peke yake.

Ukuta wa chini tukauvunja. Lipu ilitoka ya manjano, nzito, inanukia. Majirani waliochukua vifusi kuziba mashimo ya njia walilalamika kuku wao hawatoki barabarani. Hata tofali zilikuwa zimeonja, na nyuso zake nilizichonga mpaka nilipopata wekundu wake, nikazisugua kwa magadi, nikazisuuza, nikarusha maji, zikanywa. Tukaurushia uji wa simenti wenye mchanga mkali, uwe na meno, kisha lipu. Nikaimwagilia kila jua likipungua. Halafu tukaondoka, tukaiacha ikauke peke yake. Lipu ina ndoto zake, wajukuu zangu, usiiamshe mapema. Ukiipaka praima ikiwa bado na maji tumboni, maji yatatafuta pa kutokea, na patakuwa ni hapo ulipobandika.

Tuliporudi, mabibo yalikuwa yanaanguka, Nkowe nzima inanukia. Bi Hadija alitupokea mlangoni na mkono mbele.

"Nani huyo anakohoa? Myao hajafa?"

"Nakusubiri wewe utangulie, mama."

Akacheka. Macho yalikuwa wazi, mazuri kama zamani, lakini yalinitazama begani.

Siku ile nilifanya kazi ya praima kwa makini kuliko siku zote. Nikarusha maji kila shubiri, kuanzia sakafuni. Nikakaa kusubiri jua la mchana, bati lilie, ninuse. Hakukunukia kitu, ila simenti na mabibo ya nje. Kwa kuwa lipu ilikuwa mpya na yenye kiu, nikachagua ile nyepesi, nikaipaka mara mbili. Kisha nikaweka tone la gundi mahali pasipoonekana, nikaliacha mpaka kesho yake. Nilipolibandua kwa tindo, lilitoka na lipu yake. Hapo nikamwambia Fundi Chande, bandika.

Maua yalikwenda kwenye mstari wa kimo cha kigoda. Fundi alikuwa ameshazeeka, nami nilikuwa nampokeza moja moja baada ya kuipangusa. Ile iliyopasuka aliibandika vipande vyake viwili pamoja, kona ya chini. Mistari ya chini ilipokutana na ya juu, ilikutana kama midomo. Tukaiacha siku kadhaa ikamate, tukajaza viungo, tukafuta. Ndipo tukamwita.

Bi Hadija akaingia kwa kupapasa. Akaanza juu, akateremka na viganja vyote viwili, akatafuta pale tulipounganisha, hakupapata. Akavuta kigoda, akakaa. Mkono ukafika kwenye ua la kwanza, ukatulia. Ukaenda la pili. Uso wake ulikuwa mbali sana, kama mtu anayesikiliza redio ya nyumba ya jirani. La tatu, la nne. Kisha kidole kikarudi nyuma.

"Fundi."

"Naam, mama."

"Hili limesimama kwa kichwa."

Tukainama wote wawili, watu wenye macho yetu. Kweli. Shina lilikuwa juu na petali zinatazama chini. Tulikuwa tumelipita na kitambaa, tumelisifu, hatujaliona.

Fundi Chande uso ulimwiva. "Samahani, mama. Naligeuza sasa hivi." Akachukua tindo nyembamba, akaiingiza kwenye kiungo, akagonga. Akagonga tena, kwa upande wa pili. Akaegemeza uzito wake. Kiungo kilichubuka, lakini marumaru haikucheza. Akaigonga kwa mpini, ikatoa sauti nzito, iliyojaa kutoka kwenye ua mpaka kwenye tofali.

"Haitoki," akasema. "Labda niivunje."

"Nani kakwambia nataka itoke?"

"Mama, umesema limesimama kwa kichwa."

"Nimesema ili mjue ninyi. Mimi nimeshajua." Akaliwekea kiganja, kama unavyomfunika mtoto aliyelala. Kisha akaomba ndoo ya maji, akatutoa nje wote wawili, akafunga mlango.